Pedi Imefika, Sahani Je?

Nazungumza nanyi wasikilizaji wa Kibiti: wa Mtawanya, wa Bungu, wa Mjawa, na ninyi wa huko deltani Salale na Mbuchi kama mawimbi yanawafikia. Leo nina neno na wazazi wenye mabinti waliokwisha kuvunja ungo, au walio karibu kuvunja. Mabinti wenyewe kama mko jikoni mnasikia, ongezeni sauti. Na wewe baba, usijifanye umesahau kitu kibarazani. Kaa hapo hapo.

Kila tarehe 28 Mei tunaadhimisha Siku ya Hedhi Salama Duniani, siku iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2014. Mnaijua inavyokwenda: turubai linafungwa, wageni wanahutubia, mabinti wanapewa pedi, picha zinapigwa. Sina kejeli katika hilo, pedi inahitajika. Imepiganiwa hadi bungeni. Mwaka 2018 serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, halafu mwaka uliofuata kodi ikarudi, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dakta Philip Mpango, akieleza kuwa bei madukani haikushuka kama ilivyotarajiwa. Wenzetu wa Kenya waliifuta kodi hiyo tangu mwaka 2004, na mwaka 2017 wakaweka sheria ya kuwapa wanafunzi wa kike pedi bila malipo. Yote hayo ni kazi nzuri. Lakini kazi ya pedi ni kupokea damu. Damu hiyo inatengenezwa na nini, na ikishatoka inarudishwa na nini, hilo sijaliona likiandikwa kwenye bango hata moja.

Tumchukue binti wa kidato cha pili hapa hapa Mtawanya. Ameamka giza bado lipo, amechota maji, amefagia uwanja, amekunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi, na kama kuna kiporo cha muhogo amekula vipande viwili akiwa amesimama. Ametembea mpaka shule. Saa nne, mwenye mia tano amenunua maandazi na barafu ya ubuyu, asiye nayo amekaa chini ya mwembe akasubiri kengele. Saa kumi jioni amerudi, amekuta ugali wa sembe na mchicha uliochemshwa mpaka ukapoteza rangi, na birika la chai pembeni. Samaki? Kilikuwepo kipande kimoja, cha baba. Kikibaki, cha kaka.

Sasa tupige hesabu. Katika siku zake za mwezi, msichana kwa kawaida hupoteza damu kiasi cha mililita 30 hadi 40, sawa na vijiko vya chakula viwili au vitatu. Ni kidogo kuliko tunavyodhani tukiangalia kitambaa kilicholowa. Ila kila mililita moja inaondoka na karibu nusu miligramu ya madini chuma, na mwili wake wakati huo huo unarefuka, unanenepesha mifupa, unaongeza damu ya kuutosha mwili mkubwa zaidi. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wanasema msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji kula miligramu 15 za madini chuma kwa siku, wakati kaka yake wa umri huo anatosheka na 11. Kaka anahitaji pungufu, na samaki ni wake. Hesabu hiyo sijui aliipiga nani.

Utafiti wa kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49, wanawake 42 wana upungufu wa damu. Pitisheni macho kwenye madawati ya darasa la wasichana. Yule anayesinzia kipindi cha hisabati, yule anayehema akipanda ngazi tatu za ofisi ya walimu, yule mnayemwita mvivu kwa sababu ndoo inamshinda. Usikimbilie fimbo. Mfunulie kope la chini, uangalie kama ndani kumepauka.

Na chai! Hapa najua nitagusa watu pabaya, maana Kibiti bila chai ya rangi hakuna mgeni anayekaribishwa. Chai ina kitu kinachokamata madini chuma yaliyo kwenye chakula na kuyapitisha tumboni bila kuingia mwilini. Kikombe kimoja pamoja na mlo wa nafaka na maharage kinaweza kupunguza madini chuma yanayoingia kwa zaidi ya nusu. Sisemi muiache. Nasema ikae mbali na sahani, saa moja hivi kabla ya kula au saa moja baada. Haigharimu hata senti.

Kinyume cha chai ni uchachu. Vitamini C, ile iliyomo kwenye ndimu, chungwa, embe, papai na pera, huyafungulia mlango madini chuma ya majani na nafaka, ambayo bila msaada huo mwili unaokota sehemu ndogo tu. Madini ya kwenye nyama, maini na samaki huingia kwa wepesi zaidi, lakini tuseme kweli, maini si ya kila siku kwenye nyumba ya mkulima wa korosho. Kwa hiyo tuangalie kilichopo. Chukua kisamvu. Utakitwanga kwenye kinu mpaka kilainike, utakichemsha vya kutosha ile sumu ya muhogo itoke, utatia dagaa uliowasaga, pamoja na vichwa vyao, halafu tui la nazi. Mpaka hapo mama yako alikufundisha. Kinachobaki ni kukamulia ndimu kikiwa tayari kwenye sahani, si kwenye sufuria, kwa sababu moto mkali unaiua vitamini C. Ugali ukiwa wa dona ni bora kuliko sembe, kwani ingawa viwanda vikubwa vinatakiwa kuongeza madini chuma na asidi ya foliki kwenye unga, mashine yetu ya kijijini inakoboa, inatupa pumba zenye virutubisho, na hairudishi chochote.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye mabibo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba, kila mtu anaokota. Korosho inachambuliwa, inapelekwa ghala la chama cha msingi, inasubiri mnada wa chama kikuu cha ushirika, CORECU, na hapo nyumba nzima inajadili bei. Bibo lenyewe linabaki chini ya mti linaliwa na nzi, au linapikiwa gongo. Bibo lile lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa. Najua linakaba koo; lioshe, likate, linyunyizie chumvi, au kamua maji yake. Na huo ndio msimu wenyewe ambao wanafunzi wa kidato cha pili na cha nne wako kwenye mitihani ya taifa. Matunda yanaoza mashambani, watahiniwa wanakwenda mtihanini na chai kavu. Korosho yenyewe, yenye madini chuma na magnesiamu, tunaisafirisha ghafi mpaka India, hatubakizi hata kibaba cha kukaanga tukampa binti akaweka kwenye mfuko wa sketi. Ufuta nao vivyo hivyo, unakwenda wote mnadani.

Kuna wanaowakataza mabinti ndimu, ukwaju na embe bichi wakiwa kwenye siku zao, eti damu itakatika, au itakuwa nyepesi, au tumbo litazidi. Hapana. Ndimu haifiki huko. Hiyo ni siku ambayo ndimu inahitajika kuliko jana. Wengine wanakatazwa kuchuma mboga bustanini, mboga zitanyauka, basi wanakula ugali na chumvi mpaka watakaposafika. Heshima yangu kwa wazee iko pale pale, lakini mboga hazijui.

Na kuna yule anayetafuna mchele mbichi, au udongo, au anayeomba barafu tu kutwa. Mama anamfokea, anadhani ni ulafi au ana mimba. Mara nyingi hamu ya namna hiyo ni dalili kwamba damu imepungua. Kibaya ni kwamba udongo nao unakamata madini chuma tumboni, na ukiwa mchafu unaweza kumletea minyoo. Mtafiti Sera Young alikaa kisiwani Pemba akichunguza jambo hilo kwa wanawake, na mwaka 2011 akatoa kitabu kizima juu ya watu wanaokula udongo. Safura, ile minyoo inayopita kwenye nyayo za mtoto anayekanyaga matope bila viatu, inanyonya damu kila siku bila kusubiri mwezi. Kichocho nacho kipo kwenye mabonde yetu ya mpunga, na binti anayekojoa damu anaweza kudhani ni hedhi imemchanganya. Malaria ndiyo hiyo mnaijua. Ukimlisha binti kisamvu na dagaa huku safura iko ndani, unamlisha safura.

Halafu zile juisi. Maji ya matembele, rozela, biti, vyote vyekundu au vya kijani kibichi vinavyouzwa kwa jina la kuongeza damu. Rozela ina uchachu mzuri, inywe na chakula badala ya chai, nakuunga mkono. Lakini rangi nyekundu ya juisi haigeuki damu kwa sababu tu ni nyekundu, na binti ambaye damu imeshuka sana hatapona kwa jagi. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba katika nchi zenye tatizo kubwa kama yetu, wasichana waliokwisha kuvunja ungo wapewe kidonge cha madini chuma kila siku, miezi mitatu mfululizo kwa mwaka. Vile vidonge vya kuongeza damu tunavijua kliniki ya wajawazito. Tunasubiri msichana apate mimba ndipo tumpe.

Wazee wetu, tukiwatendea haki, walilijua jambo moja. Mwali akivunja ungo aliwekwa ndani. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu mila za majirani zetu Wazaramo, ameeleza kwa kirefu jinsi mwali anavyokaa ndani chini ya uangalizi wa wanawake wakubwa, na jinsi mti wa mkole unavyobeba maana katika unyago. Huku kwetu Wandengereko na Wamatumbi hawako mbali na hayo. Kumtoa mtoto shule akae ndani miezi, na akitoka mchumba yuko mlangoni, hilo mimi silitetei, na sheria hailitetei. Ila angalia alivyotunzwa: alichinjiwa kuku, alipewa mayai na uji mzito, hakushika jembe, alilala, na alikuwa na kungwi au somo wa kumuuliza lolote bila haya. Chakula, mapumziko, na mtu wa kusema naye. Kisha akatolewa kwa ngoma, akavishwa kanga mpya, akarudi kwenye chai na andazi. Mwezi wa pili damu inatoka vile vile, kuku hayupo.

Ramadhani ndiyo hunishangaza zaidi. Dini imemwambia binti aliye hedhini asifunge, atalipa baadaye. Lakini nyumba ina baba, kaka na wajomba, na yeye anaona haya wakijua. Basi anashinda njaa na kiu siku nzima pamoja na waliofunga, anajificha jikoni kumeza tonge moja kama mwizi, na baada ya mwezi atazilipa zile siku kwa kufunga tena. Siku zile ambazo Mwenyezi Mungu amemwondolea mzigo, sisi tumemrudishia. Mama, mwekee sahani yake chumbani, iliyofunikwa, usiseme neno.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye kichwa, maana haya na hofu navyo vinaingia kwenye damu. Si usemi tu. Kuna sehemu ndogo kwenye ubongo inayotoa amri ya kila mwezi kwenda kwenye mfuko wa mayai. Mwili ukiona chakula hakitoshi, au hofu imekaa siku nyingi bila kupoa, amri hiyo hupungua nguvu au husimama. Nyumba ikikosa fedha hukata kwanza gharama za harusi, haikati unga; mwili nao huahirisha uzazi ili moyo na mapafu viendelee. Uholanzi, katika njaa ya majira ya baridi ya mwaka 1944 kuamkia 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawake wengi walikaa miezi bila kuona siku zao, na chakula kiliporudi, siku nazo zikarudi.

Huku kwetu hatuhitaji kwenda Uholanzi. Wilaya hii ilipita kwenye hofu ya mauaji ya mwaka 2017, watu walifunga milango jua halijazama. Aprili 2024 maji ya Rufiji yakafunika mashamba na nyumba huku Kibiti na ng'ambo Rufiji. Binti aliyelala kwenye hema, mpunga wa nyumbani umezama, choo ni cha watu wengi, kitambaa hakina pa kuanikwa. Akikosa siku zake mwezi huo, ana sababu kumi kabla hujafika kwenye ile unayoiwaza.

Na ile unayoiwaza naijua. Mama anahesabu, tarehe imepita, macho yanabadilika. "Umeenda wapi? Nani yule wa bodaboda?" Hofu ya mama si ya bure. Utafiti ule ule wa 2022 ulionyesha kuwa wasichana 22 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Lakini katika miaka miwili ya mwanzo tangu kuvunja ungo, mzunguko haujatulia. Siku 21 ni sawa, siku 45 ni sawa. Ongeza njaa, ongeza mtihani, unaruka. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2017 kuhusu shule za Tanzania, lilieleza jinsi wasichana walivyokuwa wakipimwa mimba kwa lazima. Hebu jiweke kwenye mstari ule, una miaka 15, hujui mwanaume, na siku zako zimechelewa kwa sababu ya woga. Sasa woga umeongezwa. Mwezi ujao zitachelewa tena. Kama una shaka na mwanao, nendeni zahanati ninyi wawili, kwa upole, mpime. Usipige kelele uani.

Haya ya kuchafuka nayo yasichukuliwe kitoto. Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba wa Kenya aliingia bungeni na doa jekundu kwenye suruali yake nyeupe, wenzake wakalalamika, akatakiwa atoke. Kama seneta mzima anatolewa nje, binti mwenye blauzi nyeupe na sketi moja ya shule afanyeje? Anakaa mwisho wa darasa, hanyanyuki kujibu swali, hanywi maji ili asiende chooni, maana choo hakina mlango.

Tufanye nini? Kwanza alale. Kijana wa umri huo anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi. Akilala saa sita usiku kwa kuosha vyombo na simu, akaamka saa kumi na moja, hiyo si nidhamu, ni deni. Zile siku mbili za mwanzo, ndoo ibebwe na kaka yake, kaka hatakufa. Tumbo likimkata, ile mnayoiita chango, mpe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga aweke chini ya kitovu. Atembee, acheze rede na wenzake kama anaweza, maana mwili ukichangamka maumivu hupungua. Dawa ya maumivu kama ibuprofeni aipate kwa ushauri wa mhudumu, na asiimeze tumbo likiwa tupu. Mizizi ya chango sina ugomvi nayo wala na bibi anayeichimba, lakini kipimo chake hakuna anayekijua, na ikichemshwa nzito inaweza kumdhuru.

Bibi mwenyewe, hata hivyo, ni dawa. Mjukuu na bibi wana utani wao. Lile asiloweza kumwambia mama atamwambia bibi wakimenya kunde. Kama bibi hayupo, shangazi. Kama shangazi yuko Dar, basi mwalimu mmoja wa kike anayejua kunyamaza. Mfundishe kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani, nukta ndogo tu, ajue zinakuja lini asishtukizwe darasani.

Na zahanati mjue ya nini. Damu ikipita siku saba, au analowesha pedi nzima kila baada ya saa moja au mbili, au mabonge makubwa yanatoka, au miezi mitatu imepita kavu na mimba haipo, msingoje. Kipimo cha wingi wa damu ni tone la kidole. Kwa msichana wa kuanzia miaka 12 asiye mjamzito, namba ikiwa chini ya 12, damu imepungua. Ukiambiwa ni 8, usirudi na fungu la matembele peke yake. Uliza dawa, uliza kipimo cha minyoo na kichocho na malaria, na uliza kama amewahi kupimwa selimundu kabla hajaanza kumeza vidonge ovyo.

Haya, laini za simu ziko wazi. Dakika tano za kwanza ni za kina baba peke yao. Kina mama, shikeni simu zenu kidogo, najua mna mengi.